UMANJANO WA WATOTO WACHANGA NA KIPIMO CHA NGOZINI: JICHO, CHOMBO NA NENO

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa ajili ya wasomaji ambao si waganga, jinsi vyombo vinavyowekwa juu ya ngozi vinavyotumika kuwachuja watoto wachanga wenye umanjano, na ni kiasi gani cha imani tunachoweza kuviwekea vyombo hivyo. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini jambo la hospitali liandikwe katika jarida la taaluma za Kiswahili, tena na mtu wa isimu. Sababu ni mbili. Kwanza, umanjano ukipuuzwa huweza kuharibu usikivu, na mtoto asiyesikia huikosa lugha ya mama kabla hajaianza. Pili, hapa Niania, kwenye njia panda ya barabara za Kisangani, Isiro na Bunia, Kiswahili hukutana na Kilingala, Kindaka, Kibudu na Kibila. Mkunga na mzazi ambao hawana lugha moja ya nyumbani huelewana mara nyingi kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho hakijapata bado neno lililotulia la kulitaja jambo lenyewe.

1. Jina na mkanganyo wake

Waganga wetu wamesoma kwa Kifaransa, na katika madaftari yao huandika ictère au jaunisse. Wanapomgeukia mzazi hulazimika kutafsiri, na tafsiri iliyo karibu na ulimi ni "homa ya manjano". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Homa ya manjano ni jina la ugonjwa mwingine kabisa, ule unaoenezwa na mbu, ambao chanjo yake katika ratiba ya nchi yetu hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto wake wa siku tatu ana homa ya manjano anaweza kudhani kwamba mbu ndiye aliyemdhuru, au kwamba kinga itakuja na chanjo na hakuna haja ya haraka. Kasoro ya pili ni hilo neno "homa". Mtoto mwenye umanjano kwa kawaida hana joto. Mama humgusa paji la uso, akalikuta limepoa, akahitimisha kuwa mganga amekosea. Hitimisho hilo lina mantiki kamili. Lililopotoka ni jina alilopewa.

Kiswahili cha pwani kilipokea kutoka Kiarabu neno "safura", ambalo katika lugha lilikotoka linahusiana na nyongo na rangi ya manjano. Lakini lilipokwisha kukaa pwani maana yake ilihama, na kamusi zetu hulieleza kuwa ni maradhi ya kupungukiwa damu, hasa yale yaletwayo na minyoo. Haliwezi kurudishwa kwa amri ya wasomi. "Homa ya ini" nayo imekwisha kupewa kazi nyingine. Lililobaki ni "manjano" lenyewe, ambalo pwani ni kiungo cha mchuzi na pia ni rangi, na ambalo huku kwetu hushindana na neno la Kifaransa jaune hata katika vinywa vya wazee.

Katika makala haya tutatumia "umanjano". Kiambishi u- hapa kinafanya kazi ile ile kinayoifanya katika "uziwi", "ububu" na "upofu", yaani kutaja hali pasipo kudai kuijua sababu yake. Ndivyo inavyofaa, kwa sababu umanjano wa mtoto mchanga ni dalili, na nyuma ya dalili hiyo huenda pasiwe na ugonjwa wowote au pakawa na ugonjwa mkubwa. Na chombo cha kuupima tutakiita "kipimamanjano", kwa mfano wa "kipimajoto" ambacho kila mtu anakijua.

2. Rangi inatoka wapi

Chembe nyekundu za damu ya mtoto mchanga ni nyingi, na huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima. Zinapovunjika hutoa kitu chenye rangi ya manjano kiitwacho bilirubini. Mtoto akiwa tumboni, bilirubini hiyo hupita katika kondo la nyuma na mwili wa mama huiondoa. Akishazaliwa, kazi hiyo huangukia ini lake mwenyewe, ambalo bado halijazoea. Kwa hiyo bilirubini hupanda siku za mwanzo, hufika kileleni kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hushuka. Zaidi ya nusu ya watoto waliotimiza miezi yao huonekana kuwa na umanjano kiasi fulani katika juma la kwanza, na waliozaliwa kabla ya wakati ni wengi zaidi. Wengi wao hupona bila kuguswa.

Hatari iko kwa wachache ambao bilirubini yao hupanda mno au upesi mno. Sehemu yake ambayo haikushikwa na protini za damu huvuka na kuingia katika ubongo, ikapenda hasa viini fulani vya ndani. Wanasayansi wa Ujerumani waliupa uharibifu huo jina la kernikterusi, yaani umanjano wa viini. Mtoto anayesalimika na kifo hubaki na viungo vinavyojipinda pasipo amri yake, macho yanayoshindwa kutazama juu, na mara nyingi kusikia kulikoharibika. Uharibifu huo wa kusikia una sura ya pekee ambayo sisi watu wa lugha tunapaswa kuifahamu. Mara nyingi sikio lenyewe huwa zima, na mtoto huweza kushtuka mlango unapobamizwa; lakini neva inayopeleka sauti kwenye ubongo hupoteza mpangilio wa nyakati, na usemi humfikia kama mvumo usiogawanyika katika silabi. Wazazi huapa kwamba mtoto wao anasikia, na ni kweli anasikia. Ila maneno hayapati.

Miongoni mwa sababu zinazopandisha bilirubini kwa kasi, mojawapo ina uzito wa pekee katika nchi za malaria kama yetu. Nayo ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao hurithiwa kwa njia ya mama na kuonekana zaidi kwa watoto wa kiume. Chembe nyekundu za mwenye upungufu huo huvunjika kwa wingi zikikutana na vitu fulani. Kimojawapo ni naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kabatini. Nguo za mtoto zilizotunzwa miezi kadhaa sandukuni pamoja na naftalini, kisha akavikwa bila kufuliwa na kuanikwa vizuri, zimekwisha kuwadhuru watoto wengi katika Afrika na kwingineko. Hili linafaa kuambiwa kila mama mjamzito, wala halihitaji chombo.

Tiba ya kwanza ni mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward, aliyekuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje wapate jua, alionyesha kwamba ngozi iliyopigwa na jua hupoteza umanjano, na ile iliyofunikwa na shuka hubaki nao. Mwaka 1958 Cremer na wenzake walitangaza matokeo ya taa waliyoitengeneza kutokana na jambo hilo. Mwanga wa buluu huigeuza bilirubini iwe katika umbo ambalo mwili huweza kulitoa bila kulisubiri ini. Bilirubini ikiwa imepita kiasi cha kungojea taa, hubakia kumbadilishia mtoto damu, kazi ambayo katika mazingira yetu ni ngumu na ya hatari.

3. Jicho

Kwa muda mrefu chombo cha kuchuja kilikuwa jicho. Mwaka 1969 Lloyd Kramer aliandika kwamba umanjano huanza usoni na kuteremka kuelekea miguuni kadiri bilirubini inavyopanda, akagawanya mwili katika sehemu ambazo kila moja ingekadiria kiwango fulani. Wakunga wengi ulimwenguni walifundishwa utaratibu huo, na una manufaa yake: umanjano uliofika kwenye viganja na nyayo ni wa kuhofiwa daima. Lakini jicho linapoombwa kutoa tarakimu hushindwa. Waganga wawili wakimtazama mtoto mmoja kwa saa moja hutoa makadirio yasiyolingana, na taa ya koroboi au ukuta uliopakwa rangi hubadilisha wanachokiona.

Katika ngozi nyeusi ugumu huongezeka. Mtoto wetu mara nyingi huzaliwa akiwa mweupe kiasi, na melanini huongezeka siku hadi siku, katika siku zile zile ambazo bilirubini nayo inapanda. Mkunga mwenye uzoefu hubonyeza ngozi kwa kidole na kuiachia, hutazama fizi, hutazama weupe wa jicho. Ni njia njema, na isiachwe. Hata hivyo mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2010 unakataza kukadiria kiwango cha bilirubini kwa macho peke yake, na hiyo ni nchi ambayo watoto wake wengi ni weupe. Jicho linatosha kutuambia kwamba umanjano upo, wala hata hilo si kila mara. Kiasi chake halikijui.

Kipimo cha kuaminika ni cha damu, inayochomwa kisiginoni na kupelekwa maabara. Kinahitaji kisu, kemikali, umeme, fundi wa maabara, na subira. Kituo cha afya cha kawaida cha njiani kati ya Mambasa na Bafwasende hakina vyote hivyo kwa pamoja. Aidha, kumchoma kila mtoto ili kumpata mmoja kati ya wengi ni jambo ambalo wazazi hawalipokei kwa urahisi.

4. Chombo

Mwaka 1980 Yamanouchi na wenzake wa Japani walitangaza kipimamanjano cha kwanza cha kushika mkononi, kilichotengenezwa na kampuni ya Minolta, ile ile ya kamera. Undugu huo si wa bahati. Kamera na kipimamanjano vyote viwili hutoa mmweko wa mwanga na kupima unaorudi.

Kazi yake ni hii. Ncha ya chombo hubonyezwa polepole juu ya paji la uso au kifua cha mtoto. Mwanga mweupe huingia katika ngozi, hutawanyika, na sehemu yake hurudi. Bilirubini hupenda kumeza mwanga wa buluu, wenye mawimbi ya nanomita zipatazo 450, na mwanga wa kijani, wa nanomita zipatazo 550, huuacha karibu wote. Kwa hiyo chombo hulinganisha kiasi cha buluu na kiasi cha kijani kilichorudi: kadiri buluu inavyopungua, ndivyo bilirubini ilivyo nyingi. Ugumu ni kwamba bilirubini haiko peke yake ngozini. Hemoglobini ya damu humeza mwanga, na melanini vilevile. Chombo cha mwaka 1980 hakikuweza kuvitenganisha vizuri. Kilitoa namba isiyo na kipimo cha maabara, na kila hospitali ililazimika kutafuta kwa watoto wake yenyewe namba hiyo ina maana gani.

Vyombo vilivyofuata vilijaribu kuitoa melanini katika hesabu, kwa njia mbili tofauti. Aina ya JM-103 hutumia mapito mawili ya mwanga, moja fupi linaloishia tabaka za juu, jingine refu linaloshuka chini zaidi. Melanini imekaa juu, kwa hiyo huathiri mapito yote mawili karibu sawasawa. Tukitoa moja katika jingine, melanini hufutika na bilirubini ya chini hubaki. Aina ya BiliChek huchambua mwanga wote unaoonekana, rangi kwa rangi, na kuondoa mchango wa melanini, wa hemoglobini na wa ukomavu wa ngozi kwa hesabu. Aina hii ya pili iliundwa kutumia kifuniko kipya kwa kila mtoto, na mtu wa Niania atauliza mara moja kifuniko hicho kitanunuliwa wapi. Swali hilo lina uzito sawa na la mawimbi ya mwanga.

Kuna masharti ambayo wauzaji huyaandika kwa herufi ndogo. Ngozi iwe safi na kavu; mafuta aliyopakwa mtoto yapanguswe kwanza. Pasiwe na jeraha, alama ya kuzaliwa wala nywele. Mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 35, au ambaye hajatimiza saa 24, apimwe damu. Na mtoto aliyewekwa chini ya taa ya tiba asipimwe ngozi, maana mwanga huisafisha ngozi kabla ya damu, na chombo kitasema amepona ilhali ndani bado. Kwa sababu hiyo hiyo wengi hupendelea kifua kuliko paji la uso, ambalo hupigwa na mwanga zaidi. Katika nchi ya jua kama yetu, ambamo mama humtoa mtoto nje kila asubuhi, upendeleo huo uchukuliwe kuwa kanuni.

5. Usahihi ni nini

Hapa tufike kwenye kiini cha jambo. Taarifa nyingi za vyombo hivi husifu uwiano mkubwa kati ya namba ya ngozi na namba ya damu. Tina Slusher na wenzake, waliowapima watoto wa Nigeria na kutangaza matokeo mwaka 2004, walipata uwiano wa juu hata kwa ngozi nyeusi, na habari hiyo ilikuwa njema. Lakini uwiano si upatanifu. Saa ya Kinshasa na saa ya Bunia zina uwiano kamili: moja ikisonga dakika moja, nyingine husonga dakika moja, mchana na usiku, mwaka mzima. Hata hivyo mtu anayefuata saa ya Kinshasa hapa Ituri atafika sokoni watu wamekwisha kukaa saa nzima.

Ndivyo ilivyodhihirika Lagos. Bolajoko Olusanya na wenzake, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016, waliweka namba za ngozi kando ya namba za damu za watoto weusi wa Kiafrika, kwa kutumia JM-103 na BiliChek, wakaona kwamba vyombo vyote viwili vina mwelekeo wa kusema zaidi ya damu. Chombo kilichofikiriwa kuifuta melanini kilikuwa hakijaifuta yote. Mtoto mwenye miligramu 11 kwa desilita moja ya damu angeweza kusomwa 13 au zaidi.

Je, ni kosa baya? Tulinganishe na chombo kingine cha ngozini, kile kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Mwaka 2020 Sjoding na wenzake walionyesha kwamba katika hospitali za Marekani chombo hicho kilishindwa kuugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kosa hilo huficha ugonjwa. Kosa la kipimamanjano huko Lagos lilielekea upande mwingine, yaani kupiga kengele ambapo hakuna moto. Kwa chombo cha kuchuja, kosa la pili ndilo linalovumilika. Mtoto aliyesomwa chini huruhusiwa, hubebwa kwa pikipiki hadi kijijini au kambi ya wachimba dhahabu, na tutakapomwona tena viini vya ubongo vitakuwa vimekwisha kuharibika. Mtoto aliyesomwa juu hupoteza siku moja au mbili.

Hata hivyo siku hizo si za bure, na nadhani wataalamu wa mbali huzipuuza. Mama anayezuiliwa hospitalini ana watoto wengine nyumbani, ana shamba, na ana gharama ya chakula. Zaidi ya hayo, chombo kinacholia ovyo hupoteza heshima. Baada ya kengele kumi za uwongo mkunga huanza kusema kwamba mashine hii inadanganya, na ya kumi na moja, ambayo ni ya kweli, haimwamshi. Kwa hiyo kosa la kusema zaidi lisipojulikana na kuelezwa huweza kuzaa lile kosa la kwanza tulilokuwa tukilikwepa.

Miongozo hulitatua tatizo hili kwa kukipa chombo mamlaka ya kukataa tu. Namba ikiwa chini kabisa ya mpaka wa tiba, mtoto huruhusiwa. Ikikaribia mpaka, damu ndiyo itakayoamua. Waganga wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wameweka ukaribu huo kuwa miligramu 3 kutoka mpaka wa tiba ya mwanga, na wakaagiza damu kwa kila mtoto aliyesomwa 15 au zaidi. Waingereza husema mikromoli 250 kwa lita, ambazo ni karibu kitu kile kile, maana miligramu 1 kwa desilita ni mikromoli 17.1 kwa lita. Namba za juu zina ulazima wa pekee wa kuhakikishwa, kwani huko juu chombo hupoteza uhodari wake, na JM-103 haisomi kupita miligramu 20. Shirika la Afya Ulimwenguni, mwaka 2022, lilipendekeza kila mtoto mchanga apimwe kwa kipimamanjano cha ngozini kabla ya kutoka katika kituo alikozaliwa. Pendekezo ni jema. Ila halina maana mahali ambapo hakuna njia ya kupata kipimo cha damu, hata cha mbali, wala taa.

6. Namba bila saa

Namba ya bilirubini haisemi kitu mpaka ujue mtoto ana saa ngapi tangu azaliwe. Mwaka 1999 Bhutani na wenzake walichora, kutokana na watoto 2840 wa Philadelphia, mistari inayoonyesha viwango kwa kila saa ya umri. Mstari wa juu, ambao watoto 95 kati ya 100 huwa chini yake, uko karibu na miligramu 8 saa ya 24, karibu na 13 saa ya 48, na hufika 17.5 baada ya saa ya 96. Miligramu 10 kwa mtoto wa siku nne ni jambo la kawaida. Kwa mtoto wa siku moja ni dharura.

Hapo ndipo lugha inapoingia tena, kwa mlango ambao waganga hawakuutazamia. Kiswahili cha mashariki huhesabu saa kuanzia mapambazuko: saa tatu ya asubuhi ndiyo neuf heures ya Kifaransa. Kilingala, kinachoanza kusikika kwa nguvu hapa hapa Niania, huhesabu kwa desturi ya Kifaransa. Mama akisema mtoto alizaliwa saa tatu usiku, na mwandishi akaandika 3 katika fomu ya Kifaransa, umri wa mtoto umepotoka kwa saa sita. Katika siku mbili za kwanza mstari wa Bhutani hupanda zaidi ya miligramu moja kwa kila saa sita. Tunajadili nusu miligramu za chombo kilichotengenezwa Japani, na huku tumekwisha kupoteza moja nzima kwa kalamu. Dawa yake haihitaji fedha: saa ya kuzaliwa iandikwe na mkunga aliyekuwapo, kwa tarakimu za saa 24, mtoto anapotoka na si anaporuhusiwa, na mama asiulizwe saa bila kuulizwa pia kama kuku walikuwa wamewika au watu walikuwa wamelala.

7. Vyombo vya bei nafuu

Kipimamanjano cha kiwandani hugharimu maelfu ya dola, na betri yake huzeeka. Kwa hiyo inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1960 Gosset alikwisha kueleza kipande cha plastiki angavu chenye mistari mitano ya manjano iliyokolea kwa hatua. Kipande hubonyezwa kwenye pua ya mtoto hadi damu iondoke, kisha ngozi iliyopauka hulinganishwa na mistari. Hakina umeme wala hesabu. Bado kinategemea jicho, lakini jicho lililopewa kitu cha kulinganisha ni tofauti na jicho lililoachwa peke yake. Ndiyo tofauti kati ya kukadiria urefu kwa kutazama na kuuweka kando ya rula. Rula ya namna hiyo, yenye rangi zilizopangwa kwa uangalifu zaidi, ilijaribiwa Bangladesh na matokeo yake kutangazwa mwaka 2019.

Njia ya pili ni simu. Programu iliyobuniwa London na kujaribiwa Ghana kwa watoto zaidi ya 300, kama ilivyotangazwa mwaka 2022, huiacha ngozi na kupiga picha weupe wa jicho. Wazo hilo ni la busara kuliko yote, kwa sababu weupe wa jicho hauna melanini ya kuondoa: mtoto wa Accra na wa London wana jicho la rangi moja. Matatizo yake ni mwanga wa chumba, na mtoto mwenyewe, ambaye hufumba macho kila anapotakiwa kuyafumbua.

Kuhusu tiba pasipo umeme, Slusher na wenzake walionyesha mwaka 2015, kwa watoto wa Lagos, kwamba jua lililochujwa kwa plastiki maalumu inayozuia miale yenye kudhuru na joto hutibu umanjano bila kushindwa na taa. Msomaji asilichanganye hilo na kumlaza mtoto uchi juani, ambako huweza kuungua au kupoa bila mtu kujua bilirubini yake imefika wapi.

8. Kuchuja na kupima

Tumekuwa tukitumia "kuchuja" kwa kazi ya chombo hiki, na si wote watakaolipenda. Katika Kiswahili cha Tanzania husemwa "uchunguzi wa awali", ambalo ni neno la heshima. Lakini "uchunguzi" humfanya mzazi aamini kwamba mtoto amekwisha kuchunguzwa, na alichoambiwa ndicho kilichopo. "Kupima" lina kasoro hiyo hiyo, maana kwa masikio ya watu kilichopimwa kimekwisha. Chujio kila mama analo jikoni, naye anajua kwamba kilichobaki juu ya chujio si lazima kiwe kibaya chote. Hukitia mkononi akakitazama tena. Mkunga anaweza kumwambia: "Mama, chombo kimemzuia mtoto juu ya chujio. Sasa tutatazama damu yake tujue." Sentensi hiyo inaeleza uhusiano wa ngozi na damu kama ulivyo katika miongozo, na mama wa Niania akiisikia hatauliza kwa nini mashine ilisema 13 na maabara ikasema 11.